Sheffield Neave: mtu wa vipepeo aliyefuata nzi wa tsetse Katanga

Kipepeo kigeni kikipita shambani upande wa Dilolo ao Kasaji, wengi wanakiangalia tu, kinaenda zake. Lakini kulikuwa na wakati ambapo kujua mdudu kwa jina lake lilikuwa jambo la uzima na kifo hapa Katanga. Ni wakati ule njo Sheffield Airey Neave alifika.

Neave alizaliwa Uingereza tarehe 20 Aprili 1879, akasoma Oxford. Mwaka 1904 alikuja Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, pamoja na wapimaji wa ardhi. Wenzake walipima nchi, yeye alikusanya wanyama na wadudu. Alitembea sana kwenye ule mgongo wa nchi unaotenga maji ya Kongo na maji ya Zambezi, ambao unaendelea mpaka upande wa Dilolo.

Kutoka 1906 hadi 1908 aliingia katika Tume ya Uganga ya Katanga. Mwaka ule wa 1906 njo Union Minière ilianzishwa. Migodi ilitaka mikono ya kazi, na ugonjwa wa usingizi ulikuwa unamaliza watu katika Afrika ya kati. Ilikuwa imekwisha kujulikana kama nzi wa tsetse njo anaubeba. Lakini tsetse si mmoja: kuna wa kivuli cha mito, kuna wa pori kavu. Mwanzoni ule wa mito tu njo aliogopwa. Mwaka 1912, kazi iliyofanywa bonde la Luangwa ilionyesha kwamba ule wa pori naye anapitisha ugonjwa kwa mtu. Basi ukikosea nzi, unalinda kijiji mahali ambapo adui hayuko.

Hata hivyo Neave hakuacha vipepeo. Mwaka 1910 alitoa kazi kubwa juu ya vipepeo vya Rhodesia ya Kaskazini na nchi za jirani. Wataalamu wengine waliita vipepeo kwa jina lake, kama Abisara neavei na Lepidochrysops neavei. Wapagazi waliobeba mizigo porini, majina yao hayakupewa kipepeo.

Mwaka 1913 alianza kazi London, katika ofisi ya wadudu ya makoloni ya Uingereza. Mkubwa wake alikuwa Guy Marshall. Huyu, mwaka 1898, akiwa Rhodesia ya Kusini, alifuga viwavi na kuonyesha ajabu: kipepeo chekundu cha wakati wa mvua na kile cha bluu cha kiangazi, ambavyo watu walidhani ni aina mbili, kumbe ni kimoja. Leo kinaitwa Precis octavia, na Katanga pia kipo. Kwa hiyo rangi peke yake inadanganya. Anayetaka kutambua kipepeo asichokijua aangalie pia upande wa chini wa mabawa, aandike mahali, tarehe, na majani ambayo kiwavi kinakula. Picha ya simu bila mahali na tarehe inasaidia kidogo tu.

Kazi ya mwisho kubwa ya Neave ilikuwa ya majina yenyewe. Kati ya 1939 na 1940 vitabu vyake vinne vilitoka, Nomenclator Zoologicus, vyenye majina ya jenasi za wanyama wa dunia nzima yaliyotolewa tangu 1758 hadi 1935. Kilichotakiwa ni jina moja lisipewe wanyama wawili.

Alikufa tarehe 31 Desemba 1961. Mtoto wake Airey, mbunge wa Uingereza, aliuawa kwa bomu London mwaka 1979, na wengi kule wanamkumbuka mtoto kuliko baba. Lakini kwa vipepeo vya Katanga ni baba njo anatafutwa mpaka leo, kwani orodha yake ya 1910 ni kati ya zile za kwanza ambazo mtu wa kazi hii anafungua.