Ranganathan: Mwalimu wa Hisabati Aliyefungua Rafu za Maktaba

Mkufunzi anapofundisha somo la matumizi ya maktaba, aghalabu huanza na namba za rafu na kanuni za kuazima vitabu. Mambo hayo yana umuhimu wake, lakini hayamwelezi mwanachuo kwa nini maktaba ipo. Maisha ya S. R. Ranganathan wa India, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mkutubi, yanalijibu swali hilo vizuri zaidi.

Ranganathan alizaliwa mwaka 1892 huko Shiyali, kusini mwa India. Alisoma hisabati katika Madras Christian College hadi shahada ya pili, kisha akasomea ualimu katika chuo cha Saidapet. Tangu mwaka 1917 alifundisha hisabati katika vyuo vya serikali, na mwishowe katika Presidency College, mjini Madras, ambao siku hizi huitwa Chennai. Alikuwa na kigugumizi, lakini alijitahidi mpaka akakishinda. Darasani hakuridhika na kuwasomea wanafunzi maelezo ili wayanakili. Aliwapa maswali, akawatuma vitabuni, kisha akajadiliana nao waliyoyapata.

Mwanzoni mwa mwaka 1924 alianza kazi ya mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras. Hakuwa ameisomea kazi hiyo, wala hakuipenda. Wasomaji walikuwa wachache, naye aliyezoea darasa lenye vijana wengi alijiona kama aliyefungiwa pamoja na vitabu. Haukupita muda mrefu akaomba arudishwe kufundisha. Alishauriwa aende kwanza Uingereza kwa mafunzo. Kama angerudi bila kuridhika, mlango wa darasa ungekuwa wazi.

Huko London alisoma katika University College chini ya W. C. Berwick Sayers, ambaye pia aliongoza maktaba za mji wa Croydon. Alizitembelea maktaba nyingi, akaona jinsi zilivyowahudumia watoto na wafanyakazi, si wasomi peke yao. Aliona pia wasomaji wakipita wenyewe kati ya rafu, wakigusa vitabu, wakifunua na kuchagua. Alitambua kwamba maktaba nayo ni darasa, tena darasa lisilomfukuza mtu kwa umri wala kwa cheo. Aliporudi Madras mwaka 1925, hakuomba tena kurudishwa kwenye hisabati.

Katika maktaba yake alifungua rafu kwa wasomaji, akaongeza saa za huduma, na akaweka watumishi wa kumsaidia kila anayetafuta kitabu. Mwaka 1931 alichapisha kitabu juu ya kanuni tano za ukutubi. Kwa muhtasari, alishikilia kwamba vitabu vimewekwa ili vitumike. Kwamba kila msomaji ana haki ya kukipata kitabu kinachomfaa. Kwamba kila kitabu nacho kisaidiwe kumfikia msomaji wake. Kwamba muda wa msomaji usipotezwe. Na kwamba maktaba hukua kama kiumbe chenye uhai.

Kanuni ya tatu ndiyo hasa iliyozitetea rafu zilizo wazi. Msomaji anayesubiri dirishani huomba kile tu anachokijua jina, lakini anayeingia ndani hukutana na kitabu ambacho hakuwahi kukisikia. Waliopinga walisema vitabu vitaibwa. Ranganathan hakukana kwamba vichache vitapotea, bali alipima hasara hiyo kwa faida ya vitabu vingi vitakavyosomwa.

Rafu zikiwa wazi, sharti zipangwe kwa namna itakayomwongoza msomaji. Kwa hiyo mwaka 1933 alitoa mfumo wake wa kuainisha vitabu. Wazo lake alilipata London, alipoona dukani vipande vya mchezo wa Meccano ambavyo huungwa kwa njia nyingi kutengeneza vitu mbalimbali. Vivyo hivyo alizigawa mada katika sehemu zake, akaziunga kwa alama ya nukta mbili.

Hakuishia chuo kikuu. Alishiriki kuanzisha chama cha maktaba cha Madras mwaka 1928, na mwaka uliofuata mafunzo ya wakutubi yakaanza. Aliunga mkono maktaba iliyovutwa na ng'ombe ili vitabu viwafikie watu wa vijijini, na juhudi zake zilichangia kupatikana kwa sheria ya maktaba za umma ya Madras ya mwaka 1948. Mwaka 1962 alianzisha huko Bangalore kituo cha kufunza wataalamu wa kuwatafutia watafiti habari zilizotawanyika katika majarida. Akiba yake ya rupia 100,000 aliitoa kwa Chuo Kikuu cha Madras ili kuanzisha nafasi ya uprofesa wa ukutubi kwa jina la mkewe, Sarada. Alifariki mwaka 1972.

Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Budapest walitoa wito kwamba makala za utafiti zisomwe na yeyote kupitia intaneti bila malipo. Jina la Kiingereza walilolitumia ni lile lile ambalo wakutubi wa zama za Ranganathan walilitumia kwa rafu zilizo wazi. Kufuli limebadilika, zamani lilikuwa la chuma, sasa ni ada ya kusoma jarida.

Hata hivyo, kufuli la chuma halijatoweka. Katika shule ya kwanza niliyofundisha, vitabu vya ziada vilikaa kabatini mwaka mzima, na ufunguo ulitunzwa ofisini. Mwisho wa mwaka tulihesabu, na hakuna hata kimoja kilichopotea. Tulijipongeza. Baadaye nilipofunua vitabu hivyo niliona kurasa nyingine bado zimegandana. Hapakuwa na aliyezisoma. Nami nilikuwa miongoni mwa waliopongezana.

Mwalimu hana budi kujiuliza: je, namtuma mwanafunzi wangu kitabuni akiwa na swali, au namsomea maelezo ayanakili? Na akienda huko, atalikuta kabati liko wazi?