Mtemi Mirambo na Maradhi ya Koo

Mtemi Mirambo wa Urambo alizaliwa yapata mwaka 1840. Aliunganisha nchi nyingi ndogo za Wanyamwezi, na mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji. Maadui walishindwa kumwangusha, lakini maradhi ya koo yalimdhoofisha. Alifariki mwezi Desemba 1884. Inadhaniwa alikuwa na saratani.

Mwili umejengwa kwa seli. Ndani yake mna protini walinzi, ambazo huziongoza jeni ili seli iliyoharibika isigawanyike, bali itengenezwe au ife. Moshi wa tumbaku na uzee huweza kuwadhuru walinzi hao. Hapo seli huongezeka ovyo, na uvimbe hutokea.

Wakati wa Mirambo jambo hili halikujulikana. Leo twalijua; basi uvimbe usiopona uonyeshwe kwa daktari mapema.