Martin Luther na Deni Lililokwisha Kulipwa

Luther hakuanza kama shujaa. Mwaka 1505, huko Ujerumani, radi ilipiga karibu naye, akaogopa kufa, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Na sheria za utawa alizishika kwelikweli: kufunga mpaka mwili ukadhoofika, kukesha, kuungama masaa mengi mpaka aliyemsikiliza akachoka. Alipoenda Roma alipanda ngazi 28 kwa magoti, akimwombea marehemu babu yake. Amani? Hakuna.

Baadaye, akifundisha Biblia Wittenberg, Warumi 1:17 ikamfungua: haki ya Mungu ni zawadi, unaipokea kwa imani. Mimi niliyesomea biashara naielewa hivi: kila siku alikuwa analipa deni ambalo Yesu alishalimaliza msalabani. Ndiyo maana mwaka 1517, vyeti vya msamaha vilipouzwa kama bidhaa sokoni, hakunyamaza. Aliandika hoja 95. Mwaka 1521 Papa akamtenga.

Mwaka 1525 akamwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa pia. Watu walishtuka! Walipata watoto 6, na Katharina ndiye alishika hesabu za nyumba, maana Luther alikuwa anagawa pesa kuliko mfuko ulivyoruhusu.