Ferdinand Porsche, mhandisi aliyepima kimo cha gari kwa kuhesabu meno

Jina la Ferdinand Porsche huwakumbusha wengi magari ya kifahari yaendayo kasi. Hata hivyo, kazi yake iliyosambaa zaidi ulimwenguni imefichika chini ya gari la mtu wa kawaida: Volkswagen, lile lenye mgongo kama wa kobe.

Porsche alizaliwa Septemba 3, 1875, Maffersdorf, katika eneo la Bohemia ambalo leo limo katika Jamhuri ya Cheki. Babake alikuwa fundi wa bati, lakini kijana huyo alivutiwa na umeme, na mwaka wa 1893 akaenda Vienna kufanya kazi katika kampuni ya vifaa vya umeme. Mnamo 1900, gari lake lenye mota ndani ya magurudumu lilionyeshwa Paris. Alizitumikia kampuni za Austro-Daimler, Daimler na Steyr kabla ya kufungua ofisi yake mjini Stuttgart mwaka wa 1931.

Agosti mwaka huo aliomba hataza ya uvumbuzi uliobadili namna gari linavyobebwa. Magari mengi yalikalia springi za mabamba, ambazo ni nzito. Porsche aliweka badala yake ufito wa chuma cha pua, mwisho wake mmoja ukiwa umeshikwa na mwingine ukiunganishwa na mkono wa gurudumu. Gurudumu likipanda jiwe, ufito hujisokota. Likivuka, ufito hujinyosha na kulirudisha mahali pake.

Ufito wa nyuma wa Volkswagen una meno 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Jino moja la ndani ni nyuzi 9. La nje ni zaidi kidogo ya nyuzi 8. Fundi akiuzungusha upande wa ndani kwa jino moja mbele, kisha upande wa nje kwa jino moja nyuma, tofauti inayobaki haifiki hata uzi mmoja. Kwa njia hiyo, gari hupandishwa au kushushwa kwa milimita chache tu, bila kukata wala kuchomelea chuma.

Kipimo huchukuliwa mkono wa gurudumu ukiwa umelegea bila mzigo, kwa kulinganisha mlalo wake na ule wa bodi. Kulia na kushoto sharti vilingane. Fito zenyewe hazibadilishwi pande, kwani kila mmoja umezoeshwa kusokotwa kuelekea upande wake.

Anayepuuza hesabu hiyo hulipa gharama. Katika magari ya zamani ambayo ekseli yake ya nyuma hubembea, kimo kikizidi, magurudumu hujikunja ndani upande wa chini, na gari huweza kumponyoka dereva kwenye kona. Kimo kikipungua, tairi huliwa upande wa ndani.

Umakini huo wa Porsche katika chuma haukuonekana katika uchaguzi wa mabwana aliowatumikia. Mnamo Juni 1934 alipewa kandarasi ya kubuni gari la umma chini ya utawala wa Adolf Hitler, na mwaka wa 1937 akajiunga na chama cha Nazi. Zaidi ya Wajerumani 300,000 waliweka akiba ili wapate gari hilo, lakini utawala huo uliporomoka bila yeyote kati yao kukabidhiwa. Vita vilipozuka, kiwanda kiliunda magari ya jeshi kwa jasho la maelfu ya watu waliolazimishwa kufanya kazi, wakiwemo mateka wa vita na wafungwa wa kambi za mateso.

Wafaransa walimkamata Desemba 1945 na kumwachilia Agosti 1947. Alifariki Stuttgart Januari 30, 1951, akiwa na umri wa miaka 75.

Hakuwahi kuona gari lake likishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki katika miaka ya 1954, 1957 na 1962, zilizopita kwenye matope na mashimo yaliyovunja springi za magari mengi. Kufikia Julai 2003, la mwisho lilipoundwa nchini Mexico, zaidi ya magari milioni 21 yalikuwa yametengenezwa. Mafundi wanaoyahifadhi hadi leo wangali wanahesabu meno yale yale.