Daktari Denis Burkitt na Uvimbe wa Taya za Watoto

 

Ndugu zetu wengi wa pwani wamehamia bara kwa ajili ya biashara, na baadhi yao wamefanya maskani Busia na Malaba, mahali ambapo njia ya Mombasa huvuka mpaka na kuingia Uganda. Nchi ile ina joto na mvua nyingi, na malaria haiwatoki watu wake. Huko, kama katika sehemu nyingine za karibu na ziwa la Victoria, na hata katika baadhi ya miji na vijiji vya pwani yetu, mzazi huweza kumwona mwanawe wa miaka mitano au sita, jino linamcheza pasipo sababu, na shavu limeanza kuvimba. Lisipite juma moja au mawili, sura ya mtoto ikawa si ile aliyokuwa nayo. Zamani walikuwapo waliosema karogwa, na waliosema ni jino bovu; na huku wanashindana kwa maneno, mtoto hufa. Mtu aliyewafumbua macho madaktari wa dunia juu ya maradhi haya ni Denis Burkitt, na habari ya maisha yake yafaa ijulikane na kila mwenye mtoto.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali, mtu mwenye tabia ya kutazama mambo kwa subira, ambaye saa zake za mapumziko alizitumia kuchunguza ndege na kuandika mahali kila mmoja anapokaa. Mwanawe alipokuwa na miaka 11 alipigwa na jiwe lililotupwa na mtoto mwingine, akapoteza jicho lake la kulia. Kila mzazi aweza kukisia uzito wa siku ile katika nyumba. Wala baba yule hakuweza kujua kwamba mtoto huyo mwenye jicho moja atakuja kuona jambo ambalo wenye macho mawili walilipita.

Alikwenda Dublin kusoma uhandisi kama baba yake, kisha akauacha akasoma utabibu, akamaliza mwaka 1935, na baadaye akawa mpasuaji. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita vikuu vya pili vikamleta Afrika Mashariki akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapata kazi Uganda, kwanza Lira, kisha Kampala katika hospitali ya Mulago. Hakuwa wa dini yetu. Alikuwa Mkristo mwenye kuishika sana dini yake. Lakini elimu yenye manufaa haiulizwi kabila la mwenye kuileta, na wazee wetu waliipokea tiba ya Wayunani wakaizidisha.

Mwaka 1957 Daktari Hugh Trowell, mwenzake wa Mulago, alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zote mbili, ya juu na ya chini, zilikuwa zimevimba kulia na kushoto. Burkitt hakujua ni maradhi gani. Baada ya majuma machache alikwenda hospitali ya Jinja, mji ulio katika njia hiyo hiyo itokayo Malaba kwenda Kampala. Akatupa jicho dirishani, akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Akatoka kumpima, na safari hii hakuishia kwenye taya: alimpapasa tumbo, akakuta na huko mna uvimbe.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kwa kuwa maradhi haya huonekana usoni, kwenye jicho au tumboni, kila daktari alikuwa akiiona sehemu yake na kuipa jina lake, wala hapakuwa na aliyejua kwamba ni kitu kimoja. Burkitt alifunua madaftari ya Mulago, akakuta watoto wengi wa namna hiyo. Mwaka 1958 aliandika habari za watoto 38. Wenzake waliochunguza vinofu vya uvimbe kwa darubini wakathibitisha kuwa ni saratani ya chembe za tezi, nayo ikaja kuitwa kwa jina lake. Akafahamu vilevile kuwa kisu chake hakifai kitu, maana huwezi kuliondoa taya la mtoto na huku maradhi yamo tumboni.

Akauliza: mbona watoto hawa hutoka sehemu hizi na si zile? Kwa fedha kidogo alichapisha karatasi zenye picha, akazipeleka katika hospitali nyingi za Afrika, na majibu akayatia alama kwenye ramani ukutani. Hakutosheka na barua. Mwishoni mwa mwaka 1961, yeye na madaktari wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri majuma kumi na maili 10,000 hadi Afrika ya Kusini na kurudi, wakiingia hospitali zaidi ya 50 na kuuliza swali moja tu. Ikadhihirika kuwa maradhi hayaonekani sana katika nchi za milima mirefu yenye baridi, wala katika nchi kavu. Hukaa penye joto na mvua, ambapo mbu hustawi. Busia, iliyo futi 4,000 hivi juu ya bahari, imo ndani ya mpaka huo. Kisha likaonekana jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani: Unguja na Pemba, ingawa zina joto na mvua, maradhi haya yalikuwa nadra mno, na wakati ule malaria ilikuwa imedhibitiwa huko.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo Anthony Epstein, ambaye aliomba aletewe vinofu vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, alitangaza kuwa ameona ndani yake kirusi kisichojulikana kabla. Leo twajua kwamba kirusi hicho huwaingia karibu watoto wote wa Afrika nao hawadhuriki. Lakini mtoto ambaye mwili wake umechoshwa na malaria ya mara kwa mara, kwa wachache chembe zake huharibika zikawa saratani. Basi mzazi asijilaumu, wala asimtafute jirani wa kumtuhumu. Si uchawi, si urithi, wala mtoto huyo hatengwi na wenzake.

Uganda wakati huo haikuwa na mashine ya kutibu saratani kwa miale. Burkitt akajaribu dawa mpya zilizotoka Marekani, na kwa baadhi ya watoto dozi moja au mbili ziliyeyusha uvimbe kwa siku chache, wakaishi miaka mingi. Wengine uvimbe uliwarudia. Alirejea Uingereza mwaka 1966, na mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu maradhi haya, ambacho kilikua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Burkitt aliendelea na uchunguzi wa vyakula na maradhi, akafa mwaka 1993, ameacha mke na mabinti watatu.

Sasa, ndugu wazazi, tumepata nini katika habari hii? Kwanza, uvimbe huu huenda mbio kuliko karibu kila saratani ijulikanayo. Waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Juma moja la kumzungusha mtoto kwa waganga, au la kung'oa meno yanayocheza, si juma dogo. Jino likicheza bila ya kipigo wala wakati wake wa kung'oka, taya likivimba, jicho likitokeza, au tumbo likijaa, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo, na daktari aombwe amtazame mwili mzima. Dua ni haki ya mtoto juu ya mzazi wake, lakini hirizi shingoni wala kombe la kunywa si badala ya dawa. Dini yetu imetuamrisha kujitibu, na kutawakali si kukaa nyumbani.

Pili, uvimbe ukiyeyuka, kazi haijaisha. Hapa ndipo wengi huangukia. Baba ameacha duka, mama ameacha watoto wadogo kwa jamaa, nauli imekwisha, na mtoto anacheka na kula. Wakaona amepona wakarudi nyumbani. Maradhi yaliyobaki ndani hurudi, na safari hii ni magumu zaidi. Dozi zote zimalizwe. Na sisi jamaa na majirani tusimwachie mzazi mzigo huo peke yake: mwenye gari atoe gari, mwenye fedha atoe nauli, na msikiti uwe na sanduku lake kwa jambo hili. Kumchangia mtu maziko ya mwanawe tumezoea. Kumchangia matibabu ni bora zaidi.

Tatu, chandarua kilichotungikwa vizuri na homa iliyotibiwa mapema ni kinga ya mambo mengi kuliko tunavyodhani.

Burkitt alikuwa na jicho moja, lakini alimtazama mtoto mzima. Nasi tuliopewa mawili tuwatazame watoto wetu vivyo hivyo, maana wao ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape subira wazazi wanaokesha. Amin.