Miki Matsubara: Alifariki miaka 16 kabla dunia haijaimba wimbo wake

Desemba 2020, watu wengi wakiwa wamejifungia ndani kwa sababu ya corona, wimbo mmoja wa Kijapani ulipanda hadi namba moja kwenye chati ya Spotify ya nyimbo zinazosambaa kwa kasi duniani. Haukuwa wimbo mpya. Ulitoka Novemba 5, 1979, na aliyeuimba, Miki Matsubara, alishafariki tangu 2004.

Wimbo unaitwa Mayonaka no Door, yaani mlango wa usiku wa manane, na jina lake la pili ni la Kiingereza: Stay with Me. Kama unaingia TikTok, huenda ulishausikia kwenye video ya mtu bila kujua ni wa nani. Wengi walioutumia hawajui Kijapani hata neno moja. Sasa uliwanasa vipi? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye maisha ya dada huyu.

Binti wa mwimbaji wa jazi

Matsubara alizaliwa Novemba 28, 1959, Kishiwada, mji ulioko mkoa wa Osaka. Mama yake alikuwa mwimbaji wa jazi. Muziki huo ulishamiri Japani baada ya vita kuisha mwaka 1945, kupitia kambi za jeshi la Marekani na kumbi zilizokuwa zikiburudisha askari wake. Kwa hiyo Miki hakwenda kuutafuta mbali, aliukuta nyumbani. Akiwa na miaka 3 tu alianza kujifunza piano.

Alipofika sekondari akahamia kwenye roki, akawa mpiga kinanda wa bendi. Mwaka 1977, hata shule hajamaliza, alifunga safari peke yake kwenda Tokyo kutafuta maisha ya uimbaji. Akaanza kuimba kwenye klabu za Roppongi, mtaa unaojulikana kwa starehe za usiku, na huko mpiga piano wa jazi Yuzuru Sera akakiona kipaji chake.

Maji yalikuwa yanafuata mkondo. Lakini binti wa mwimbaji wa jazi aliyepitia bendi ya roki hakuwa anaelekea kuimba aina moja ya muziki.

Wimbo uliobeba kila kitu

Mwaka 1979 ulikuwa wa aina yake Japani. Uchumi ulikuwa unapanda, vijana wa mjini walikuwa na hela mfukoni, na Julai mwaka huo Sony waliingiza sokoni Walkman. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kutembea mtaani na kaseti yake masikioni. Ulihitajika muziki wa kuendana na maisha hayo: taa za jiji, gari, usiku, mapenzi ya watu wazima.

Muziki huo leo unaitwa City Pop. Watunzi wake walichota soul, funk, disko, jazi na roki laini ya California, wakachanganya na ushairi wa Kijapani. Tatsuro Yamashita na Mariya Takeuchi ni kati ya majina makubwa ya kundi hilo.

Matsubara aliingia humo akiwa na miaka 19. Wimbo wake wa kwanza kabisa kutoka ndio huo Mayonaka no Door. Muziki ulitungwa na Tetsuji Hayashi, maneno yakaandikwa na Yoshiko Miura. Ni zaidi ya dakika 5, na kila kitu kimekaa mahali pake: besi inayotembea, gitaa la kukata kata, vinanda, tarumbeta, halafu kiitikio ambacho hata asiyejua lugha anakidaka mara ya pili tu.

Maneno yake ni ya mwanamke anayemkumbuka mpenzi aliyeondoka, na usiku ule aliogonga mlango akilia asimwache. Huzuni tupu. Ila ngoma inakufanya utikise kichwa. Ladha ya wimbo iko hapo hapo: moyo unauma huku mguu unacheza.

Na ile sauti! Ilikuwa nzito kidogo na yenye mikwaruzo, ya mtu anayeonekana ameyaona mengi. Ukimsikiliza huwezi kudhani ni binti ambaye hajatimiza hata miaka 20.

Wimbo ulifanya vizuri bila kutikisa nchi. Ulifika nafasi ya 28 kwenye chati ya Oricon. Januari 1980 ikafuata albamu yake ya kwanza, Pocket Park.

Hakukaa sehemu moja

Miaka iliyofuata Matsubara aliendelea kubadilika. Mwaka 1981 alitoa Cupid, albamu aliyoifanya na Dr. Strut, bendi ya Kimarekani iliyokuwa ikichanganya jazi na funk. Mwaka 1984 akarudi kwenye muziki wa mama yake kwa kutoa Blue Eyes, albamu ya nyimbo za zamani za jazi.

Wapenzi wa katuni za Kijapani nao wanamjua kwa upande mwingine. Alipoimba nyimbo za vipindi hivyo, wakati mwingine alitumia jina la Suzie Matsubara. The Winner, wimbo wa ufunguzi wa Gundam 0083 ya mwaka 1991, ni sauti yake. Aliandika pia nyimbo kwa ajili ya wasanii wengine.

Alipofunga mlango

Mwishoni mwa mwaka 2000 mambo yalibadilika ghafla. Matsubara aliwaaga watu wake wa karibu kwenye muziki, akawaeleza kwamba anaacha kazi na kuwaomba wasimtafute tena. Alikuwa anaumwa. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi.

Alipambana nayo mbali na kamera na majukwaa. Oktoba 7, 2004 akafariki, akiwa na miaka 44.

Mwaka huo YouTube ilikuwa bado haijaanzishwa, Spotify haipo, TikTok haipo. Rekodi nyingi za Kijapani za enzi zake zilitengenezwa kwa soko la ndani tu. Hakukuwa na dalili yoyote kwamba kijana wa Jakarta au wa Los Angeles angekuja kumjua.

Simu zikaufungua

Mambo yakaanza taratibu. Karibu na mwaka 2017, Plastic Love ya Mariya Takeuchi, wimbo wa 1984, ulisambaa YouTube na kuwavuta wageni wengi kwenye City Pop. Oktoba 2020 Rainych, mwimbaji wa Indonesia, akatoa Mayonaka no Door kwa sauti yake.

TikTok ndiyo ikamaliza kazi. Vijana wenye mama Wajapani walianza kuwapigia wimbo huo ghafla, huku wakiwarekodi. Mama yuko jikoni au kwenye kochi, sauti inaingia, uso unabadilika, anaanza kuimba na kucheza. Ndani ya sekunde chache mtu mzima anarudi kuwa msichana wa 1979 mbele ya mwanawe.

Video hizo zilifanya kitu ambacho matangazo hayawezi. Mtazamaji aliona kwamba wimbo huu ulishaishi ndani ya watu kwa miaka 41, simu zilikuja kuukuta tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hiki kilijiuza kweli, ila mwenye mali hakuwepo kupokea.

Kama unamjua kwa wimbo huo mmoja tu, fungua Pocket Park na uisikilize yote, kisha uende Cupid. Malizia na Blue Eyes, usiku, kelele za nje zikishatulia. Utamsikia Miki akiimba jazi, muziki aliokulia nao kabla hajajua Tokyo.