Arne Tiselius: Mtenganishaji wa Protini

Arne Tiselius alizaliwa jijini Stockholm, Uswidi, tarehe 10 Agosti 1902. Babake aliaga dunia mwaka wa 1906, naye mama mjane akahamia Göteborg, karibu na wakwe zake. Mnamo 1921 kijana huyo alijiunga na Chuo Kikuu cha Uppsala, na miaka minne baadaye akawa msaidizi wa mwanakemia mashuhuri, The Svedberg.

Svedberg alimkabidhi uchunguzi wa jinsi protini zinavyosafiri katika umeme. Protini zikiwa katika majimaji hubeba chaji. Umeme ukipitishwa humo, kila aina husafiri kwa kasi yake, na kilichodhaniwa kuwa kitu kimoja huanza kugawanyika. Njia hiyo huitwa elektroforesisi. Ila ilikuwa na adui wa ndani, kwani umeme uo huo huyatia majimaji joto, nayo yakisukasuka huchanganya upya kilichokwisha kutengana.

Mwaka wa 1930 Tiselius aliwasilisha tasnifu yake ya uzamifu kuhusu njia hiyo. Ilisifiwa sana. Yeye, hata hivyo, hakuridhika, kwani alikuwa ameona dalili kwamba protini za damu zilikuwa nyingi kuliko chombo chake kilivyoweza kuonyesha. Ni mtafiti yupi asiyeujua uchungu wa kazi inayopigiwa makofi na watu ilhali mwenyewe azijua nyufa zake? Aliiweka kando, akageukia zeolaiti, madini yenye vitundu vinavyonyonya maji na gesi.

Huenda angebakia huko lau si safari ya Marekani. Alipokuwa Princeton mwaka wa 1934 na 1935, alikutana na wataalamu wa Taasisi ya Rockefeller waliokuwa wakihitaji mno njia madhubuti ya kutenganisha protini. Alirejea Uppsala na kukiunda chombo upya. Mrija wa mviringo aliuacha. Akatumia mrija wa pembe nne, mwembamba, ili joto lipate pa kutokea. Aidha, aliupoza hadi karibu nyuzi 4 za selsiasi. Katika kiwango hicho uzito wa maji haubadiliki sana joto linapopanda au kushuka kidogo, hivyo majimaji hutulia.

Alipotia seramu ya farasi, protini ziligawanyika mafungu manne: albumini, na globulini tatu alizoziita alfa, beta na gama. Jarida moja la baiokemia liliikataa makala yake, eti ilikuwa ya kifizikia mno! Ilichapishwa kwingineko mwaka wa 1937. Mnamo 1939, akishirikiana na Elvin Kabat, alionyesha kwamba kingamwili nyingi zimo katika fungu la gama.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, tunda moja la kazi hiyo lina uzito wa pekee. Mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenzake walitumia chombo cha aina ya Tiselius kuthibitisha kuwa himoglobini ya mgonjwa wa selimundu husafiri tofauti na ya mtu mzima wa afya, na ugonjwa huo ukajulikana kuwa wa molekuli.

Tiselius mwenyewe alikuwa amekwisha kushika njia ya pili, ya kupitisha mchanganyiko katika mirija iliyojazwa chembechembe zinazonasa kila kitu kwa kiwango chake. Kwa njia zote mbili alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka wa 1948. Alifariki tarehe 29 Oktoba 1971.

Mwanafunzi wake, Stellan Hjertén, alikuwa ameonyesha mnamo 1967 kwamba elektroforesisi yaweza kufanywa katika mrija wa kipenyo cha milimita 3. Mwaka wa 1981 James Jorgenson na Krynn Lukacs, huko Marekani, waliushusha hadi maikromita 75, sawa na unene wa unywele, na joto likapoteza makali yake. Baadaye mirija kama hiyo ilijazwa chembechembe, umeme ukiyasukuma majimaji kati yake, protini zikitengana kwa chaji zao na kwa jinsi zinavyonata.